Breki ya Ikirezi

Siku walipokutana, pusupusu, mkokoteni wa kusukuma, lenye magunia ya unga lilikuwa linamshukia Ikirezi mteremkoni, pale mpakani Rusizi ya Kwanza, kati ya Rwanda na Kongo, mbebaji keshaliachia. Kijana wa ovaroli ya buluu alimvuta mkono. Gunia likapasuka, gauni lake la njano likawa jeupe kote.

"Pole, maman. Uko muzima?"

"Niko muzima. Juu ya nini hii kintu haina breki?"

"Hakuna muntu alishatengeneza. Utaitengeneza weye?" kijana akamtania.

"Nitaitengeneza. Niko inginieri."

Kijana huyo ni Latifu, fundi wa kuchomelea wa Kamembe. Masikini, hakujua anamtania mtu mwenye leseni ya uhandisi wa mitambo. Mwaka haukuisha, Ikirezi akachora breki inayojikaza yenyewe mbebaji akiachia mpini, Latifu akaiunda, na katikati ya cheche na vipimo wakapendana vibaya sana. Maombi ya hataza, ile hati ya kumlinda mvumbuzi, yakaenda Kigali. Posa nayo ikawa inangoja jibu hilo.

Badala ya jibu, pusupusu la majaribio likamvunja mguu Mzee Mulume, mbebaji. Baraza la wahandisi likamwandikia Ikirezi ajieleze kabla ya Ijumaa, la sivyo leseni inafutwa. Na nani angeinunua breki ya mhandisi aliyefutwa?

Aliifungua breki ile kwa mikono yake mwenyewe. Ndani hakukuta springi aliyoichora. Alikuta ya pikipiki, imekatika. Akampigia Latifu mara kumi, mara ishirini, hapatikani. Mama yake Latifu akasema kijana kavuka Bukavu bila kuaga. Kakimbia, Ikirezi aliamini hivyo, na jamani, nani asingeamini?

Mstari mmoja ungemwokoa: fundi alibadilisha springi. Leseni ingebaki, Latifu angeishia polisi. Siku tatu hakula. Alhamisi alilia mpaka macho yakavimba, kisha akaandika: kosa ni langu, sikukagua. Akatuma.

Ijumaa asubuhi Latifu aliingia karakana, ovaroli imelowa jasho.

"Sheri, mpenzi, nilikuwa kwa Mzee Mulume ku hospitali ya Bukavu, namuomba samahani. Simu nilizima. Nilikuwa naogopa sauti yako."

"Latifu..."

"Acha niseme. Ni mimi nilibadirisha resori. Yenye uliagiza ilichelewa, na weye ulishaahidi babebaji siku. Sikutaka bakuite muongo. Leta ile barua, niandike jina yangu."

"Ilishaenda. Niliandika ni mimi."

"Juu ya nini, Ikirezi?"

"Nilizani umenitoroka. Nikasema, hata kama amenitoroka, sitaki bamufunge."

Latifu alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto. Simu ya Ikirezi ikalia nayo. Alisikiliza, akasema "asante", akaiweka mezani. Ni baraza: leseni imefutwa.

"Naenda Kigali," Latifu akasema, akivua ovaroli. "Nitabaambia kweli yote."

"Batakufunga, mpenzi wangu!"

"Na nisipoenda, nitakuoa na uso gani?"

Ikirezi alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akamfuata mpaka kituo cha basi. Latifu alipokuwa anatafuta pochi, yeye akamtangulia dirishani.

"Tiketi mbili," alimwambia mkatisha tiketi.