Dawa ya Viwavi

Msimu wa kupanda ulipofika, kazi ya Chiriku kila asubuhi ilikuwa kuokota viwavi kwenye miche ya mchicha nyuma ya nyumba. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Kazi ile ilimtia kinyaa. Ijumaa jioni aliingia stoo, akachukua chupa aliyokatazwa kuigusa, akachanganya dawa kwa kukisia tu, kisha akainyunyizia miche yote. Hakumwambia mtu.

Jumamosi alikuta viwavi wamekauka. Alitabasamu. Halafu akamwona kuku mweupe amelala ubavu kando ya tuta, mdomo wazi. Mwingine alikuwa akipepesuka, na majani ya tuta lile yalikuwa yamedonolewa.

"Kideri hicho," mama yake alisema. "Ugonjwa huo umerudi tena kumaliza kuku wetu."

Chiriku aligeuka, akaingia ndani.

Jikoni, bibi alikuwa amekwishainjika sufuria. "Miche ilibanana mno, nikaipunguza alfajiri," alisema. "Niliyoing'oa ndiyo mboga yetu ya mchana. Mbona kimya leo, mjukuu wangu? Umeuza ulimi?"

Chiriku aligeuza macho. Mdogo wake wa miaka miwili alikuwa amekaa sakafuni, ametulia kuliko kawaida yake, jani bichi mkononi. Mate yalimchuruzika hadi kifuani.

"Bibi, usipike," Chiriku alisema. "Mchicha una sumu. Niliunyunyizia mimi. Kuku hawana kideri."

Bibi alimpokonya mtoto jani, akamwosha mikono na mdomo. Mama, aliyesikia yote mlangoni, alimbeba.

"Lete chupa ya hiyo dawa," mama alimwambia Chiriku. Wakakimbilia zahanati.

Muuguzi alisoma maandishi ya chupa, akaingia na mtoto ndani, akafunga mlango. Adhuhuri ikapita. Hatimaye kilio kikasikika, kikali, cha mtoto mwenye hasira, na mama akajifunika uso kwa kanga akalia naye.

Muuguzi alitoka. "Nani aliyesema ni dawa hii?"

"Mimi," Chiriku alijibu.

"Sumu haipimwi kwa jicho, wala si ya mtoto kuishika. Hapo ulikosa. Lakini wengi huniletea mgonjwa hawajui amekula nini, nikabaki kubahatisha. Leo sikubahatisha."

Jioni bibi na Chiriku walivaa mifuko ya plastiki mikononi, wakang'oa miche yote na kuifukia mbali na kisima. Bibi hakumgombeza.

"Leo tumezika kuku na mboga," alisema, akishindilia udongo. "Ukikosea, mjukuu wangu, sema hapo hapo, hata ukiwa unaogopa. Ungenyamaza mpaka tukakaa kula, tungekuwa tunazika watu."