Maroa Aliangalia Sikio

"Niangalie, Maroa."

"Si nakuangalia."

"Unaangalia sikio langu. Wiki tatu sasa unaangalia sikio langu."

Yeye na mpenzi wake Rispa walikuwa kwenye duka la Rispa la kushona nguo, pale Oyugis, na chai ilikuwa inapoa mbele yao. Jamani, angemwambia nini? Akimtazama usoni, uso haukuwepo. Palikuwa na doa la kijivu, limezungukwa na nywele. Akihamisha jicho hadi sikioni, ndipo pua na midomo vilipojitokeza kwa pembeni.

Tangu utotoni alivaa miwani nene, maana vitu vya mbali hakuviona. Mwaka huu damu ikavuja nyuma ya jicho la kulia, lile alilolitegemea, kwa kuwa la kushoto lilikuwa dhaifu tangu zamani. Alidungwa sindano za jicho, damu ikakauka, kovu likabaki katikati. Daktari alimwambia wazi kwamba kovu hilo halifutiki.

Alilificha. Dalali wa ng'ombe soko la Ogwedhi anakula kwa macho yake, na nani atampa binti dalali asiyeona? Kesho Maxwell, kaka yake Rispa, na wajomba walikuwa wanakuja nyumbani kwa Maroa kutazama ng'ombe wa mahari. Yeye mwenyewe ndiye angesimama bomani awaonyeshe mmoja mmoja.

Simu yake ikalia mezani. Ujumbe. Rispa akawahi kuichukua.

"Ni yeye, sivyo? Huyo anayekufanya unikwepe."

"Rispa, nipe simu."

Rispa aliifungua. Herufi zilikuwa kubwa ajabu, maneno mawili matatu yamejaza kioo kizima. Alisukuma kwa kidole mara kadhaa ndipo akamaliza: "Maroa usikose kliniki Alhamisi. Tuangalie kama jicho linavuja tena. Sister Phelesia."

"Mbona maandishi makubwa hivi?" aliuliza polepole.

Maroa akaeleza yote, sindano, kovu, doa la kijivu.

"Niliogopa utaniacha," alisema. "Hata sasa naogopa."

Zamani Maroa angemsoma Rispa usoni, lakini uso ndio huo haukuwepo. Akamsikia akipiga simu, na sauti ya Maxwell ikaitika. Basi yameisha, alijiambia.

"Maxwell, ng'ombe za kesho, nakuja na nyinyi."

"Tangu lini msichana akaenda kutazama ng'ombe zake mwenyewe?"

"Nakuja. Maroa ana kovu ndani ya jicho, haoni vizuri. Wajomba nitawaambia mimi, asije akaaibishwa bomani."

"Na bado unamtaka?"

"Kama simtaki ningekupigia?"

Maxwell aliguna, akamwambia avae viatu vya matope, atampitia saa mbili asubuhi.

Rispa akaweka simu chini, akasogeza kiti chake hadi magoti yao yakagusana.

"Nimekasirika sana. Usinifiche kitu tena."

"Sitakuficha."

"Unaniona?"

"Nikikuangalia, hapana."

Rispa akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza taratibu hadi macho yake yakaelekea sikioni.

"Na sasa?"

Maroa aliacha ule uso ujitokeze kwa pembeni. Midomo ilikuwa inatetemeka, na mashavu yamelowa.

"Sasa nakuona," alisema. "Unalia."