Daftari la Vichekesho la Nerima

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walibanana kwenye dawati la Nerima, binti wa fundi wa reli kutoka mtaa wa Makongeni. Walikuja kutazama daftari lake la vichekesho. Humo hamkuwa na majitu wala vita. Walikuwamo wao wenyewe: Okumu akikimbilia paredi na kiatu kimoja, Kavata akisinzia kwenye hesabu mpaka paji la uso likagonga dawati. Hata picha za muhula uliopita walizirudia, wakacheka upya.

Jumanne moja ilikuwa zamu ya Warigia, rafiki wa Nerima, kulitazama daftari. Alikuwa akicheka chinichini wakati Bwana Njogu, mwalimu wao, alipolichomoa daftari mikononi mwake. Kwenye ukurasa wa mwisho mwalimu alijiona mwenyewe, akitafuta chaki mezani na chini ya kiti, nayo imekaa juu ya sikio lake.

"Nani amechora hii?"

Warigia aliinamisha kichwa.

"Basi ni wewe. Kesho uje na baba yako."

Nerima aliinamia mkoba wake, akijifanya anatafuta kalamu.

Wakati wa mapumziko alimkuta Warigia analia nyuma ya darasa.

"Mbona hukunitaja?"

"Wewe ni rafiki yangu. Lakini baba alisema akiitwa shuleni tena, ananipeleka Murang'a kwa nyanya, nikachunge mbuzi."

Nerima alikwenda hadi ofisi ya walimu. Alipoona kiboko juu ya kabati, akarudi nyuma. Akaenda tena, akarudi. Mara ya tatu alibisha hodi kabla miguu haijamsaliti.

"Mwalimu, ni mimi niliyechora. Warigia hana kosa."

Alifumba macho, akangoja. Badala ya kiboko alisikia karatasi zikifunuliwa polepole, kisha kicheko kilichozuiwa kikashindwa kuzuilika.

"Huyu Okumu na kiatu chake!" Bwana Njogu alipangusa macho. Kisha uso wake ukabadilika. "Utafagia darasa wiki nzima, na utamwomba Warigia msamaha. Kuanzia Ijumaa picha zako zitabandikwa ubaoni, kila mtu azione."

"Na baba yake Warigia?"

"Haitwi. Picha yako haikuniudhi, Nerima. Kimya chako kiliniudhi, kwa sababu kilimwachia mwenzako mzigo wako. Ukitenda jambo, simama useme ni wewe, hata kama magoti yanatetemeka."