Kipande cha Chini

Kila jioni akitoka shule, Sindano huweka begi lake chini ya meza ya cherehani, hunywa maji, kisha humsaidia mama kuokota pini. Jina hilo alipewa kwa sababu ya wembamba wake. Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi.

Siku hiyo pini zilibaki sakafuni. Mama alikuwa amekodolea macho simu.

"Mwanangu, ukurasa wa kujiandikisha mtihani haufunguki. Na mwisho ni leo saa kumi na moja."

Sindano alisogea akatazama skrini. Ni yeye aliyenakili kiungo cha ukurasa huo asubuhi kutoka kwenye barua pepe ya mwalimu wa masomo ya jioni, akamtumia mama na wanawake wawili wanaosoma naye. Hakukijaribu. Na mama alikuwa amesomea mtihani huo miaka miwili, mchana akishona.

Fundi simu wa kibanda cha jirani alichungulia. "'Ukurasa haupatikani.' Wameshafunga hao, dada. Cheti cha nini? Cherehani haiulizi cheti."

"Mama ndiye anayekitaka," Sindano akajibu.

"We mtoto, adabu!" mama alimkanya.

"Shikamoo, fundi. Lakini hatukubali."

Akaifungua upya ile barua pepe. Kiungo kilikuwa kirefu, kimevunjika mistari miwili. Mstari wa juu ulikuwa wa bluu. Wa chini, herufi chache na tarakimu, ulikuwa mweusi kama maneno ya kawaida.

"Mama! Nilichukua kipande cha juu tu."

Akaviunga vipande vyote viwili. Ukurasa haupatikani.

"Si nilisema?" fundi akacheka.

Sindano hakuinua kichwa. Alisoma herufi moja moja. Pale alipounga palikuwa na nafasi tupu. Mwishoni, nukta ya sentensi ya mwalimu ilikuwa imeng'ang'ania. Akafuta nafasi na nukta, akabonyeza.

*Jina kamili la mtahiniwa.*

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Mama aliandika jina lake mwenyewe, polepole, bila kusaidiwa.

Sindano alitaka kuwatumia wale wawili kiungo kipya kimyakimya. Mama akatikisa kichwa. "Wapigie."

Akawapigia mmoja mmoja. "Shangazi, kosa ni langu, nilikikata kiungo. Hiki kipya nimekijaribu mwenyewe."

Wote wawili waliwahi.

"Sikia, mwanangu," mama akasema. "Nguo ikifumuka hatuitupi, tunatafuta mshono ulipoachia. Hukukubali kushindwa, vizuri. Ila fundi hakabidhi nguo kabla haijajaribiwa. Na akikosea, husema."

Fundi simu alijikuna kidevu. "Hayo masomo ya jioni... wanapokea na mafundi simu?"

"Wanapokea, fundi," Sindano akasema, akiinama kuokota pini. "Wanaosoma mpaka mstari wa chini."