Picha Iliyokatizwa

"Papa amekubaliana na watu wa Kisumu," Ishan alisema. "Binti anaitwa Avni. Wanakuja Jumapili kupanga harusi."

"Na wewe umesema nini?"

"Bado sijasema kitu."

Nyanchama alimwekea kiganja shavuni, akamtazama machoni kutafuta kama mtu huyu alikuwa wake au la. Mbele yao, juu ya meza, kulikuwa na kinyago cha jiwe, cha mama na mtoto, ambacho Nyanchama alikuwa amekisugua kwa msasa siku tatu. Mbele ya kinyago, juu ya miguu yake mitatu, kamera ilikuwa inahesabu.

Stoo hiyo ya Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, haikuwa na umeme. Mzee Jaswant, babake Ishan, alikuwa akiuza vinyago ng'ambo, na hakutaka viwashiwe taa ya kamera kwa kuwa iliyafanya mawe yang'are vibaya. Kwa hiyo Ishan aliiacha kamera wazi dakika nzima ikusanye mwanga kidogo kidogo kutoka kwenye kidirisha. Ilikuwa kamera ya dijitali, isiyotumia filamu, iliyoletwa kutoka Uingereza mwaka huo wa 1999. Amri ya Mzee ilikuwa moja: kamera ikianza kuhesabu, mlango haufunguliwi.

Ndipo walipopatia nafasi. Kwa miezi mitano, Ishan akishabonyeza kitufe, walikuwa wanajibana nyuma ya meza, kwenye kona pekee ambayo wachongaji wa nje hawakuweza kuiona dirishani. Walikuwa mbele ya kamera kabisa, lakini Ishan alikuwa amemweleza: ndani ya dakika nzima, mtu anayesimama hapo sekunde chache tu haonekani. Walikuwa hawapitishi sekunde kumi.

Siku hiyo walisahau kuhesabu.

Mlango ukagongwa.

"Ishan, fungua. Naondoka na kamera sasa hivi, mteja anangoja picha," Mzee aliita kutoka nje.

Ishan alikimbilia mlangoni. Nyanchama akairukia kamera na kubonyeza kitufe. Kamera ikalia kidogo, ikanyamaza. Akashusha pumzi. Alidhani ameiua ile picha.

"Umekata?" Ishan akamnong'oneza.

"Nimekata. Imefutika."

Ishan alibadilika rangi. "Haifutiki. Ukiikata katikati inahifadhi ilichokwisha kuona. Na ilikuwa imetuona sisi tu, karibu wakati wote."

Hakukuwa na nafasi ya kusema zaidi. Mzee aliingia, akaikunja ile miguu mitatu mwenyewe, akaibeba kamera kifuani na kumwita mwanawe garini. Ishan alipompita Nyanchama alisema kwa haraka, bila kumtazama: "Ukiulizwa, sema ulikuwa unanionyesha ufa kwenye jiwe."

Jioni hiyo Nyanchama hakugusa obokima, ule ugali wa wimbi. Mamake, Nyakerario, alimuuliza kama anaumwa, naye akasema ni vumbi la mawe. Kilichomtisha hakikuwa kufukuzwa kazi peke yake. Mwaka uliotangulia msuguaji mmoja alikaa korokoroni siku nne kwa ajili ya kinyago kilichodaiwa kupotea, kikaja kuonekana chini ya gunia. Mzee angetaka kumwondoa msichana, sababu isingekosekana.

Asubuhi Okemwa, dereva, alisimamisha pikapu nje ya ua wao. Alisema Mzee anamwita dukani, Kisii mjini. Nyanchama alimuuliza kama Mzee ana hasira. Okemwa alijibu kwamba hajamsikia akipaza sauti, na hilo likamwogopesha zaidi.

Nyuma ya duka walikuwa watatu: Mzee Jaswant, mkewe Padma, na Ishan akiwa ameinamisha kichwa. Kwenye kompyuta kulikuwa na ile picha. Ilikuwa na giza, na miili yao ilikuwa hafifu, ukuta ukionekana kupitia kwao. Lakini mkono wa Nyanchama haukuwa umetikisika. Ulikuwa wazi shavuni mwa Ishan, vidole vyote vitano.

"Ishan," Mzee akasema taratibu. "Huyu alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa ananionyesha ufa kwenye jiwe, Papa."

Mzee akamgeukia Nyanchama. "Ufa wenyewe uko shavuni kwa mwanangu?"

Alimtazama Ishan, akangoja ainue kichwa. Hakuinua. Mlangoni askari wa duka alikuwa amesimama na rungu lake. Neno moja tu la uongo lingetosha, angerudi kwenye msasa wake.

"Hakuna ufa, Mzee," alisema. "Mimi nampenda. Yeye nilidhani ananipenda. Kama kuna kosa lingine mnataka kuniwekea, wekeni nikiwa hapa nasikia."

Nyanchama akapita kando ya yule askari, akingoja kushikwa bega. Hakushikwa. Barabarani akasimamisha matatu ya kurudi nyumbani.

Siku tisa alikaa nyumbani. Kila gari lililopunguza mwendo lilimfanya akimbilie ndani. Siku ya kumi halikuja gari. Ishan alikuja kwa miguu kwenye mvua, viatu vimejaa udongo, mfuko mmoja mkononi. Nyakerario alimpa kiti, kisha akakaa palepale katikati yao.

"Watu wa Kisumu walikuja," Ishan alisema. "Niliwaambia ukweli. Papa ameniambia nisirudi."

"Siku ile ulinikana mbele yangu."

"Niliogopa."

"Na sasa?"

Ishan aliitazama mikono yake. "Bado naogopa, Nyanchama. Ila nimekuja."

Nyanchama hakumsamehe siku hiyo. Alimtuma akapange chumba Keroka, atafute kazi, na kila Jumapili aje kuzungumza na mamake kama mwanamume anayejulikana. Alikuja Jumapili kumi na moja bila kukosa. Ya kumi na mbili Nyakerario akamwita mwanangu.

Desemba walikwenda kuandikisha ndoa kwenye ofisi ya serikali. Upande wa Ishan viti vilikuwa vitupu. Karani alipofungua daftari, nyayo zikasikika kwenye ukumbi wa nje, nzito, za haraka. Nyanchama aliamini Mzee amekuja kuwazuia. Akaushika mkono wa Ishan kwa nguvu, akageuka kuutazama mlango badala ya kuinama.

Alikuwa Padma, peke yake, anahema, sari imelowa kwenye pindo.

"Baba yako hajui niko hapa," alimwambia mwanawe. Kisha akamtazama Nyanchama, akavuta kiti cha kwanza upande wa Ishan.

"Shahidi anatia sahihi wapi?"