Gari Linalovuta Kushoto

Asubuhi hiyo Kanisius alikuwa anaendesha magari arobaini kwa mpigo, naye amekaa kwenye kiti cha plastiki, ndala miguuni, hana hata usukani mbele yake. Mikono yake ilikuwa ndani ya glavu nene za kijivu zilizounganishwa kwa nyaya hadi ukutani, na ilikuwa inacheza hewani: kulia kidogo, inarudi, kulia tena, inarudi. Huko nje, katika tope jeusi lililouzunguka mji wa Ifakara tangu bonde lilipogeuka kuwa ziwa la nusu mwaka, magari ya wagonjwa ya Shirika la Uokoaji wa Bonde yalikuwa yanakwenda yamenyooka. Wagonjwa walilala ndani bila kujua kwamba kuna mtu mjini anawashikia njia.

Mtambo huo uliitwa mkonopacha. Aliyeubuni alikuwa mke wake, Injinia Otilia, ambaye wakati huo alisimama mlangoni na chupa ya chai, akimtazama mumewe kama mtu anavyotazama nguo aliyoishona mwenyewe na sasa inambana mwenziwe. Alikuwa amechoka. Alikuwa na ule uchovu ambao mtu analala nao na kuamka nao.

Tatizo lenyewe tulieleze, maana wengi walilisifu suluhisho bila kulijua tatizo. Maji yalipozidi, Shirika lilichukua magari yake ya kawaida na kuyainua kwa springi ndefu na magurudumu yanayomfika mtu kifuani. Watoto wakayaita magari-twiga. Lakini gari si kitanda, ulipandishe juu ya matofali ukaondoke. Rodi inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda kwenye gurudumu inatakiwa ilale. Bodi ikiinuliwa, rodi inasimama mshazari kama ngazi. Hapo kila gurudumu likiingia shimoni au kutoka, rodi inalivuta bila dereva kuomba. Juu ya hayo, ekseli ya mbele ilikuwa imezunguka ikainamia mbele, na magurudumu yakapoteza ile tabia ya kurudi katikati yenyewe. Magari-twiga yote yakawa yanavuta kushoto. Moja lilivuta mpaka mtaroni likiwa na mama mjamzito, na baada ya hapo hakuna aliyethubutu kucheka tena jina lile la watoto.

Bongo za kompyuta zilijaribiwa. Zilikuwa zinalipima kosa kwanza, ndipo zinalisahihisha, na kwenye tope ukingoja kupima umeshachelewa. Otilia akaufikiria mkono wa mtu, unaohisi gari linataka kufanya nini kabla halijafanya. Mkonopacha ulikusanya mivuto ya magari yote na kuifanya mvuto mmoja ndani ya glavu. Mkono ukiukatalia, kukataa huko kulirudishwa kwa kila gari kwa kipimo chake. Madereva kadhaa walijaribu wakatoka na kizunguzungu. Kanisius, ambaye ujana wake wote uliishia kwenye malori ya mpunga, alizivaa glavu akacheka.

"Mbona hili ni lori langu la zamani tu," alisema.

"Ni kwa muda, Baba Fausta," Otilia alimwahidi. "Mpaka tupate nafasi ya kurekebisha vyuma."

Muda huo ukawa ndio maisha yao. Dawa ya chuma ilijulikana tangu mwanzo, nayo haikuwa ya ajabu. Lakini kila Otilia alipokwenda kwa Mkurugenzi Rwezaura kuomba magari yaingie gereji, mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Injinia, magari yanakwenda?"

"Yanakwenda, Mkurugenzi."

"Yamenyooka?"

"Yamenyooka kwa sababu mume wangu anayanyoosha."

"Basi tumshukuru Mungu kwa kutupa mumeo."

Rwezaura hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na magari pungufu na wagonjwa tele, na kitu kinachokwenda ni nani ana moyo wa kukisimamisha? Otilia alirudi kazini kwake kila mara, akazifanya glavu ziwe laini zaidi. Hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba alikuwa anazilainisha.

Kisha Fausta, binti yao, akajifungua mtoto wa kiume, akaja naye nyumbani. Jamaa walikaa sebuleni, mtoto akapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa babu yake. Kanisius alinyoosha mikono. Otilia aliiona inavyokwenda: kulia kidogo, inarudi, kulia tena. Kanisius akaiona pia. Akaikunja, akaikalia.

"Mpe bibi yake," alisema. "Mimi nimetoka kushika mafuta."

Hakuwa ameshika mafuta. Wote walijua, na wote wakaanza kusifia nywele za mtoto.

Kesho yake Otilia aliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Kanisius haji tena," alisema.

"Na magari?"

"Yaingie gereji. Kiangazi ndicho hiki, tope limepungua. Ukikataa, nitakaa kwenye kiti kile mimi, na mimi siwezi, wewe unajua siwezi, na yatakayotokea yatakuwa yetu wawili."

Rwezaura akavua miwani, akasaini kibali.

Wakayarekebisha magari kwa zamu, Otilia na fundi Dominiko na vijana wao. Walifunga mkono wa usukani, kile chuma kinachoiunganisha rodi na boksi, ulio mrefu zaidi, ulioshuka chini, ili rodi irudi kulala. Ile rodi nyingine inayoishika ekseli isiende kando wakaishusha nayo, zote mbili zikalala sambamba. Ekseli wakaizungusha nyuma mpaka magurudumu yakakumbuka katikati yao. Basi. Hiyo ndiyo kazi yote. Dominiko alipomaliza gari la kwanza alifuta mikono kwa tambara na kusema, "Kumbe ni hivi tu, Injinia?" na Otilia akatamani kijana huyo angeuliza kitu kingine.

Gereji ile ina desturi yake. Aliyerekebisha usukani ndiye anayekwenda kulijaribu gari kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea mashambani, na likishika mwendo anaachia usukani na kushika masikio yake mawili, ili waliosimama kando waone kwamba hadanganyi. Otilia alishika masikio. Gari likaenda limenyooka, likaruka mashimo, likanyooka. Vijana walipiga makofi. Yeye alifurahi, tena sana, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akijua sasa mumewe atapumzika.

Lakini Kanisius hakupumzika. Glavu zilitundikwa ukutani, na mikono ikaendelea. Mezani chai ilimwagikia kulia. Akifunga vifungo vya shati, kila kifungo kilikosa tundu lake. Daktari aliipima mishipa, akasema hakuna kilichovunjika cha kuunga. Mikono imejifunza, na haijui kwamba kazi imekwisha. Alipopewa mojawapo ya yale magari yaliyorekebishwa alijaribu kuliendesha uwanjani, likaenda kulia likagonga pipa.

"Gari lako limenyooka mno, Mama Fausta," alisema akishuka, akijitahidi kutania. "Mimi ndiye sijanyooka."

Otilia alicheka ili asimwache acheke peke yake. Vyuma vilivyopinda alivinyoosha kwa kiangazi kimoja. Lakini kwa mtu aliyepindishwa miaka yote hiyo ili avifuate, hakuwa na spana ya kumnyooshea.

Jumapili baada ya misa alikwenda gereji. Kwenye kona palikuwa na gari-twiga moja lililostaafishwa, ambalo nalo walikuwa wamelirekebisha kwa majaribio. Akavaa ovaroli juu ya gauni la kanisani, akaingia chini yake. Dominiko, aliyekuja kuchukua simu aliyoisahau, akamkuta anafungua boliti walizozifunga pamoja.

"Injinia, huo mkono mpya unautoa? Unarudisha ule mfupi?"

"Narudisha."

"Rodi itasimama tena. Litavuta."

"Nalitaka livute, Dominiko. Livute kushoto kama zamani, lisizidi wala lisipungue. Nishikie taa."

Dominiko alitaka kuuliza, kisha akaelewa, akapiga magoti na kushika taa.

Jioni Otilia alimwita mumewe barabarani, gari-twiga lile likiwasubiri. Fausta alikuwa nyuma na mtoto, amefunga mkanda, uso wake una maswali. Kanisius alipanda taratibu, Otilia akakaa kando yake mbele. Kanisius akaushika usukani kwa hofu, akaliondoa gari. Walipoingia kwenye mashimo gari lilivuta kushoto, na mikono yake ikaenda kulia kidogo, ikarudi. Gari likanyooka. Likavuta tena, ikalijibu. Mbele kidogo mikono ile ilikuwa imetulia kabisa juu ya usukani, ukiitazama utadhani haifanyi kazi yoyote. Kanisius aliiangalia kama wageni aliowamisi.

Walifika kwenye mashamba ya mpunga. Mtoto alikuwa amelala.

"Amelala?" Kanisius aliuliza.

"Amelala, baba," Fausta alisema.

"Basi nimembeba," alisema. "Mama Fausta, umeona? Nimembeba."

Otilia alitaka kumwomba msamaha. Maneno aliyoyaandaa kutwa nzima chini ya gari yalikuwa yamempotea yote. Alijua kwamba wakifika nyumbani atamshikia kikombe anywe, leo na kesho na siku zote. Akainua mikono yake miwili yenye grisi, akashika masikio, na akakaa hivyo mpaka mwisho wa barabara.