Kifundo cha Mguu wa Kinsi

Mtaani Waberi, Bibi Batula alikuwa ameketi mlangoni akisuka haan, chombo cha nyuzi cha kuwekea maziwa ya ngamia. Alisuka polepole, akikaza kila uzi kwa ukucha. Haan yake haikuwahi kuvuja hata tone.

Mara akasikia kilio. Mjukuu wake Kinsi alikuwa ameteleza akishusha mitungi ya maji kwenye mkokoteni wa punda, akateguka mguu. Muda si muda, kifundo kikavimba hadi ngozi ikang'aa.

"Hayo ni maji mabaya," alisema Batula. "Yanatolewa kwa moto." Akachomeka kijiti kwenye makaa.

"Ayeeyo, bibi yangu, usinichome!"

"Nyamaza, bibi yako nimechomwa mara nne, na bado natafuna nyama kwa meno yangu."

"Kwani ulichomwa meno?" Kinsi aliuliza huku machozi yakimtoka.

Batula akacheka, lakini kijiti hakukitoa. Ncha yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

Idman, jirani yao, muuguzi wa zahanati, alisikia kilio akaja. "Assalamu aleikum, eeddo," alisema, akimwita shangazi kwa heshima. "Kuna nini?"

Alipoelezwa, aliugusa mfupa kwa vidole, kisha akamwambia Kinsi apige hatua nne. Kinsi alizipiga akiuma midomo.

"Mfupa ni mzima," alisema Idman. "Angeshindwa kukanyaga, tungempeleka hospitali apigwe picha."

"Na maji haya je?"

"Ni maji ya damu yake mwenyewe, eeddo. Mwilini kuna mishipa midogo, myembamba kuliko unywele. Kuta zake zimeshikana kama nyuzi za haan yako. Mguu ukiumia, kuta zinaachana kidogo, maji yanapenya, nyama inavimba."

Batula akainua kichwa. Jambo hilo alilijua. "Nani anazikaza tena?"

"Mwili wenyewe. Palipoumia panatoka kemikali inayoitwa adenosini. Kwenye kuta za mishipa kuna vipokezi, yaani mahali pa kuipokea. Baadhi ya vipokezi vikiipokea, kuta hushikana tena na uvujaji hupungua. Si vyote vinavyofanya hivyo. Wataalamu bado wanachunguza."

"Basi humo ndani kuna msukaji!"

"Yupo, na yuko kazini. Sasa wewe unamletea moto. Ngozi ikiungua, mishipa huvuja zaidi. Hujaona lengelenge linavyojaa maji?"

Batula alilikumbuka lengelenge la goti lake alipochomwa, lililotoa usaha mwezi mzima. Akakichomoa kijiti, akakimwagia maji.

"Haya, binti, niambie la kufanya."

"Akae, mguu uwe juu ya mito. Weka kitambaa cha maji baridi dakika ishirini, mara kadhaa kwa siku. Mfunge bandeji, lakini vidole vikifa ganzi, ilegeze."

"Na kumkanda kwa samli ya moto?"

"Siku hizi za kwanza, hapana."

Batula alifuata yote. Siku ya tatu uvimbe ulikuwa umeshuka. Baada ya wiki Kinsi alikwenda shuleni kwa miguu yake, akichechemea kidogo tu, bila alama yoyote kwenye ngozi.

Jioni hiyo jirani mwingine, Timiro, alikuja ameshika kiganja kilichovimba.

"Nichome, Batula. Mkono wako mwepesi."

Batula akamvutia mto. "Weka mkono hapo juu. Idman aje aupime mfupa."

"Na moto?"

"Moto ule?" Batula akabandika birika. "Ni wa chai."